Kompyuta Arobaini na "Nimekubali" Moja

Naanza na aibu yenyewe ili msije mkasema nimewaficha: mimi nina mke mmoja tu, sijawahi kuwa na wawili hata ndotoni, lakini ukipita mtaani kwetu Mabawa leo ukauliza nyumba ya Mbwana fundi kompyuta, watakuuliza kwanza kama ni yule aliyetaka kumuoa mchumba wa rafiki yake. Halafu ndiyo wakuelekeze. Wanakuelekeza huku wanacheka.

Chanzo ni ulimi. Mimi ni mtu wa kukubali. Mbwana nishikie hiki, nimekubali, Mbwana njoo Jumapili unitazamie televisheni, nimekubali, na mke wangu, Mama Nuru, alikwisha kunionya siku nyingi kwamba iko siku nitakubali nisichokijua. Nikamwona mwoga tu. (Mjuzi wa watu nilikuwa mimi.)

Basi mkuu wa chuo ninapofanya kazi, Mzee Athumani, alikuwa anamwoza binti yake Rukia kwa Seif, rafiki yangu tuliyekua naye mtaa mmoja, ambaye sasa yuko Muscat na ruhusa ya kuja alinyimwa siku za mwisho mwisho. Ikaamuliwa nikahi ipite hivyo hivyo, kwenye ukumbi wa chuo, bwana harusi aonekane ukutani kwa simu ya video, kwa kuwa mtandao wa chuo ni wa uhakika. Nani atausimamia? Mbwana. Nimekubali. Na hapo hapo mzee akanikumbusha kwamba zile kompyuta mpya arobaini za maabara ziwe tayari Jumatatu, wanafunzi wanaanza mitihani. Nimekubali pia, mbona kazi ndogo.

Kwa wasiojua, kompyuta arobaini huziandai moja moja kama unazipaka wanja. Unaiandaa moja ikapendeza, unachukua nakala yake nzima, mafundi tunaiita imeji, unaiweka kwenye seva, ile kompyuta kuu, kisha seva inazigawia nyingine kwa waya. Na kugawa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kama kualika harusi kwa kupita nyumba kwa nyumba: hodi, mmealikwa, asanteni, unaenda ya pili. Inachosha lakini haimsumbui mtu. Nyingine ni kutangaza kwa kipaza sauti mara moja, mtaa mzima usikie. Maelezo ya ile programu yalisema wazi kwamba hii ya kutangaza inataka swichi, lile sanduku linalounganisha nyaya zote, iwe na akili ya kujua nani kaalikwa na nani hakualikwa. Swichi yetu haikuwa na akili hiyo. Mwenye akili nilikuwa mimi.

Asubuhi ya nikahi, na kanzu yangu imenyooka kwa pasi, nikapitia maabara, nikabonyeza kutangaza kwa zote arobaini kwa mpigo. Nikasimama pale nazitazama taa za swichi zinavyometameta, kompyuta zote zinapokea pamoja, nikajiona mtu aliyecheleweshewa cheo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba zitamaliza kabla sheikh hajafika. Nikafunga mlango, nikaenda ukumbini.

Sheikh akafika mapema (watu wengine bwana), tena ana haraka, maana alikuwa na nikahi nyingine Pangani baada ya adhuhuri. Alipoiona ile picha ukutani akasema kwa upole kwamba ingekuwa yeye, bwana harusi angemweka wakili wa kumkubalia, mambo haya ya video hayaamini. Nikampa shikamoo ya heshima zote, nikamtoa wasiwasi, nikamwambia mtandao huu hauna shaka hata kidogo. Wanaume tukakaa mikekani, wanawake walikuwa darasa la jirani, na mimi kwa ufundi wangu nilikuwa nimewawekea spika ili wasikie kila neno. Hiyo spika muikumbuke.

Hotuba ikapita vizuri. Sheikh akamgeukia Seif pale ukutani, akamuoza, Seif akafungua mdomo: "Nime..." Basi. Akaganda vile vile, mdomo wazi, jicho moja limefumba, ukubwa wa ukuta mzima. Tukasubiri. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akauliza kama kijana anajifikiria upya. Sheikh akarudia, safari hii picha ikaenda lakini sauti ikapotea, tukawa tunaona midomo inacheza tu, neno lenyewe likaja kutufikia sheikh amekwisha kuanza kukohoa, tena limekatika vipande vipande. Akasema kuoza na kukubali havitakiwi kuachana namna ile, hiyo haikushika.

Mimi hapo nikajua. Swichi ilikuwa inaitangaza imeji yangu kwenye kila tundu, mpaka kwenye kile kifaa cha wayalesi cha kuleta mtandao ukumbini, kilichokuwa juu ya vichwa vyetu, ambacho wala hakikualikwa, na Seif maskini anahangaika kupenya katikati. Dawa ilikuwa kwenda kuzima. Lakini nikizima katikati nabaki na kompyuta arobaini tupu, na Jumatatu ndiyo hiyo. Kwa hiyo Mzee Athumani aliponiuliza kulikoni, nikakunja uso kitaalamu, nikamwambia ni ule mkonga wa intaneti unaopita baharini, pengine samaki wameuguguna. Akaitikia. Mzee wa watu ananiamini.

Sheikh akatazama saa, akasema yeye anaondoka: ama apatikane wakili, ama nikahi iahirishwe. Minong'ono ikaanza, maana Rukia alikwisha kupambwa na pilau iko motoni. Seif akapigiwa simu ya kawaida, ikasogezwa kwenye kipaza sauti, akasema, "Namweka Mbwana awe wakili wangu. Huyo ndugu yangu, hawezi kuniangusha." Sheikh akaniuliza kama niko tayari. Nilichojibu mnakijua.

Nikasogezwa mbele, mkono wangu ndani ya mkono wa sheikh, kipaza sauti mdomoni. Nikaelekezwa niseme nimemkubalia Seif. Jepesi hivyo. Lakini akili yangu ilikuwa maabara, nawaza kazi imefika asilimia ngapi, sheikh akamaliza kuoza, akanibinya kidole, na ulimi ukatoa maneno pekee ya nikahi unayoyajua, yale niliyoyasema siku namuoa Mama Nuru: "Nimekubali kumuoa kwa mahari tuliyosikilizana."

Kwa sauti nzuri tu, bila kigugumizi. Spika ikawapelekea kina mama neno zima zima, halikukatika hata herufi. Na kule darasani kikapasuka kigelegele, kimoja kwanza, kisha vikafuata vyote.

Sheikh hakuniachia mkono. Akaniuliza taratibu, "Umemkubalia nani?"

Na kwenye ile simu ya kawaida, iliyosikika vizuri kuliko mitambo yangu yote, Seif akasema, "Mbwana, ndugu yangu, huyo ni mke wangu mimi."

Wanaume hoi kwa kicheko. Sheikh mwenyewe akajifuta uso na ncha ya kilemba kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyostahili. Akasema nikahi yangu haikushika, tumshukuru Mungu, akanisomesha neno kwa neno kama mtoto wa madrasa, nikamkubalia Seif, na Rukia akawa mke wa Seif kihalali.

Mzee Athumani akanifuata mpaka maabara. Kompyuta zote zilikuwa zimesimama, zinaisubiri moja ya pembeni iliyochelewa (kwenye kutangaza, zote huenda kwa mwendo wa anayejikokota), na taa za swichi bado zinametameta. Akazitazama weee, akasema, "Kumbe samaki wenyewe wako humu." Nikachomoa waya. Nasikia wakati huo huo Seif akatokea ukumbini, picha safi, anatabasamu, hakuna wa kumtazama, watu wako kwenye pilau.

Nyumbani niliingia na utani wangu tayari mdomoni, nikauliza bi mkubwa hajambo. Mama Nuru hakucheka. Alikuwa amekaa kitandani na nguo alizovaa kwenda harusini, hata hereni hajavua.

"Baba Nuru," akasema, "kigelegele cha kwanza nilikipiga mimi."

Alisikia mwanamume anakubali, akamfurahia mtoto wa watu, akapiga kabla ya wenzake, ndipo akaitambua sauti. Na kina mama wa Mabawa mnawajua, wakampa pole ya kuletewa mwenzie huku wanamsogezea sahani. Yale ya ukumbini yalikuwa mchezo. Aibu yenyewe niliiona hapa.

Akanipa hukumu yangu. Nisithubutu kutuma ujumbe kwenye kundi la mtaa, maana kutangaza kwangu kumeonekana. Nipite nyumba kwa nyumba, leo leo, kwa kila mama aliyekuwa darasani, nibishe hodi, niseme kwa mdomo wangu kwamba sikuoa na kwamba yeye hana mke mwenza.

"Umekubali?" akaniuliza.

Neno hilo nimeapa silitamki tena. Nikitakiwa jambo lolote sasa, nauliza kwanza ni la nani. Nikavaa kandambili kimya kimya, nikatoka, nikabisha hodi nyumba ya kwanza. Mwenyewe akafungua, akanitazama juu mpaka chini, akageuka akaita ndani: "Njooni, bwana harusi kaja."