Vitufe vya Mama Spika, amri za Masikio

Saa mbili asubuhi, kabla wasomaji hawajaanza kuingia, mwanamke wa makamo anavuta kiti mbele ya kompyuta katika chumba cha nyuma cha maktaba ya wasioona. Kuta zimebandikwa vipande vya sponji kutoka sakafuni hadi darini. Joto limeshaanza kupanda, lakini feni imezimwa. Humu feni ni adui. Ikivuma, inavuma mpaka ndani ya rekodi. Kwenye kona kuna kijichumba cha kusomea, chenye mlango wa sponji na dirisha dogo la kioo.

Kwenye kioo cha kompyuta kuna orodha ya sura za kitabu cha jiografia. Anabofya sura ya nne. Upande wa kulia inafunguka paneli yenye vitufe na visanduku vya kuweka tiki: ondoa kelele, sawazisha sauti, punguza ukubwa wa faili. Anaweka tiki mbili, anasita, anaongeza ya tatu. Chini kabisa unajitokeza mstari mrefu wa herufi na vistari.

Habonyezi kitufe cha kuendesha. Anausoma mstari ule kwa sauti, taratibu, kama anayemtajia mtu namba ya simu.

"Kistari, a, f, acha nafasi, fungua nukuu..."

Meza ya pili, mwanamume aliyevaa vipokea sauti anachapa. Uso wake umeelekea dirishani. Hajaona tangu utotoni.

"Nimeona," anasema, na wote wawili wanacheka kidogo, kama watu waliokwisha kuuzoea mzaha wao.

Wasikilizaji wa vitabu vya maktaba hii humwita mwanamke huyo Mama Spika. "Si spika wa bunge," hueleza mwenyewe. "Ni ile spika ya redio." Mwenzake, ambaye kazi yake ni kusikiliza kila rekodi na kunasa makosa kabla kitabu hakijatoka, humwita Masikio. Jina hilo alijipa mwenyewe, asije mtu akampa baya zaidi.

Mama Spika hakusomea kompyuta wala utangazaji. Zamani alikuwa akiita majina ya wagonjwa kwenye foleni ya hospitali. Mkuu wa maktaba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi siku moja akisubiri kupimwa presha, aliisikia sauti yake na kusahau kilichomleta.

"Jina langu lilipoitwa sikuinuka," anakumbuka mkuu. "Nilikuwa nasikiliza tu. Ikabidi aniite mara ya pili, na mara hiyo aliniita kwa ukali."

Kwa miaka tisa sasa Mama Spika amewasomea wanafunzi wasioona vitabu vya shule, mashairi, hata maelekezo ya kutumia jiko la gesi. Analipwa kwa kitabu, si kwa mwezi, hivyo kitabu kikikwama na yeye anakwama.

Lakini kusoma ni nusu ya kazi. Rekodi ikitoka chumbani huwa na kikohozi, kiti kinacholia, mlango wa jirani. Kuisafisha kunahitaji chombo cha kompyuta, yaani programu, ambacho hakina dirisha wala picha. Unafungua skrini nyeusi, unachapa amri, nacho kinatii. Ukikosea kistari kimoja, kinakataa kwa Kiingereza kirefu.

Kazi hiyo ilikuwa ya fundi wa kompyuta. Mwaka jana, mitihani ya mwisho ya sekondari ikiwa mlangoni, fundi alipata ajira kwingine akaondoka. Hakuna aliyemlaumu. Ila vitabu vitatu vilivyokwisha kusomwa vilibaki kwenye kompyuta vikiwa vibichi.

Mkuu alimwita Mama Spika ofisini. "Wewe ndiye unayezijua rekodi hizo kuliko mtu yeyote," alimwambia. "Jaribu. Ikishindikana, nitaipa kazi kampuni ya nje, na chumba cha kusomea tutakifunga kwa sababu hatuwezi kulipa kote kote."

Alijaribu. Fundi alikuwa amemwachia amri zimeandikwa, lakini kila sura ilitaka marekebisho yake, na kila rekebisho lilizaa kosa.

"Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyeji hataki kukuona," anasema. "Unabisha, anachungulia, anafunga. Nikirudi nyumbani mume wangu ananiuliza, mbona unanong'ona vistari ukipika?"

Wakati huo simu ilikuwa ikilia kila siku baada ya vipindi vya shule. Alikuwa msichana wa kidato cha mwisho, asiyeona, akiulizia kitabu cha historia.

"Shikamoo mama. Kitabu kimefikia wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kinakuja."

"Jana pia kilikuwa kinakuja."

Mama Spika anasema maneno hayo yalimkaa rohoni kuliko ya mkuu. Msichana hakuwa amekasirika. Alikuwa anaeleza tu hali ilivyo.

Aliyemfungulia njia ni yule yule fundi, kwa simu, akiwa kwenye mapumziko ya chakula kazini kwake kupya. Alimkumbusha kwamba ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kihariri, programu ya kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Kihariri hicho huweza kuongezewa viendelezi, yaani programu ndogo zinazokipa uwezo mpya, na mtu fulani ulimwenguni alikuwa ametengeneza kiendelezi kinachokiendesha kile chombo kwa vitufe.

"Mama, wewe chagua faili, weka tiki, bonyeza," alimwambia. "Amri kitaandika chenyewe. Tena kitakuonyesha kilichoandika."

Siku hiyo hiyo sura ya kwanza ya historia ilitoka safi. Mama Spika aliisikiliza hadi mwisho. Anakiri hakuwa akitafuta makosa. Alitaka tu kuhakikisha ni kweli. Kabla wiki haijaisha kitabu kizima kilimfikia msichana, na vingine viwili vikafuata. Simu ya mchana ikanyamaza.

"Ukimya ule ndio ulikuwa asante yake," anasema. "Alikuwa anasoma."

Mkuu wa maktaba alifurahi akaita kikao. Alitangaza kwamba kuanzia hapo kazi zote zingepita kwenye vitufe, na skrini nyeusi ingepumzishwa. Watu walipiga makofi. Masikio hakupiga.

Mama Spika aliliona hilo, akamfuata baada ya kikao. Alimkuta akikunja waya wa vipokea sauti vyake, anaukunja na kuukunjua.

"Kaka, kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada."

"Miaka yote hii umekuwa ukinirudisha nirudie neno moja mara tano. Leo unaniambia hakuna kitu?"

Ndipo akamweleza. Kompyuta ya Masikio ina programu inayomsomea kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo. Skrini nyeusi ni maandishi matupu, kwa hiyo kwake ni mahali panapozungumza. Fundi, kabla hajaondoka, alikuwa ameanza kumfundisha amri chache. Masikio alitumaini siku moja kusafisha rekodi mwenyewe, kwa sababu kelele huzisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini aliyetengeneza kiendelezi hakuvipa vitufe majina yanayosomeka.

"Mimi nikienda pale inaniambia kitufe, kitufe, kitufe," alisema. "Kitufe cha nini, haisemi."

Mama Spika anasema hakulala vizuri siku hiyo. "Nilikuwa nashangilia kwamba mlango umefunguka. Kumbe nimesimama katikati ya mlango, na nyuma yangu kuna mtu."

Asubuhi yake alikuja na wazo ambalo, kwa maelezo yake, lilikuwa mbele ya macho yake muda wote. Kila akiweka tiki, kiendelezi humwonyesha amri kiliyoiandika. Yeye ni msomaji. Basi atasoma.

Ndivyo utaratibu wanaoutumia hadi leo ulivyoanza. Yeye anachagua kwa vitufe, anamsomea mwenzake mstari. Masikio anauchapa kwenye skrini yake nyeusi na kuuendesha. Mwanzoni walikwenda kwa mwendo wa kobe, na wenzao waliwatania kwamba wanapiga ramli. Ila Masikio ana kumbukumbu ya kutisha. Baada ya muda akawa anamalizia mstari kabla dada yake hajaufikisha mwisho. Kisha akaanza kumbishia.

"Hiyo namba ya kuondoa kelele uliyoiweka ni kubwa mno, itakula herufi za mwanzo," humwambia. "Punguza." Naye hupunguza, na mara nyingi hukuta kaka yake kasema kweli.

Mkuu aliwaacha waendelee, ingawa moyoni aliona ni kuchelewesha kazi. Alibadili mawazo mwezi uliopita, kiendelezi kilipojisasisha na kugoma kabisa. Paneli ilifunguka ikiwa nyeupe, haina kitu. Shule tatu zilikuwa zikisubiri kitabu cha baiolojia.

Mama Spika alibofya, akazima, akawasha. Hakuna.

"Sogea, dada," Masikio alimwambia. "Nipe tu majina ya faili."

Aliyachapa, akaandika amri zake kutoka kichwani, tena akazipanga zifuatane, sura moja ikimalizika nyingine ianze bila mtu kuigusa. Kisha akaomba chai. Walikunywa chombo kikiendelea kufanya kazi, na kitabu kikatoka siku ile ile. Mkuu alikuja akasimama mlangoni, na Masikio, aliyesikia hatua zake, akamwuliza kama anataka chai naye.

Paneli ilirudi kufanya kazi baada ya siku kadhaa. Kwa msaada wa fundi wamemwandikia aliyekitengeneza kiendelezi wakimwomba avipe vitufe majina. Amejibu kwamba hakuwahi kufikiria kuwa mtu asiyeona angekihitaji, na kwamba atalishughulikia. Bado wanangoja.

Kuanzia mwezi ujao, usafishaji wa rekodi utakuwa kazi rasmi ya Masikio, kwa mshahara wa mwezi. Mama Spika ndiye aliyekwenda kuomba hivyo. Mkuu alipomwuliza kama haoni anatoa kazi iliyokuwa mkononi mwake, alimjibu kwamba mkono wake mmoja unatosha kufunua kurasa.

Mpango wake sasa ni kurudi chumba cha kusomea kwa siku nzima. Amekwisha chagua kitabu, riwaya nene ambayo yule msichana wa historia, aliyefaulu na sasa yuko chuoni, ameiomba kwa simu. Anatafuta pia msomaji wa pili, mwanamume, kwa sababu wavulana wamelalamika kwamba kila shujaa wa kila kitabu anaongea kama mama yao.

"Mimi nataka kusoma mpaka sauti yenyewe iniambie basi," anasema, akifungua mlango wa sponji. "Hayo ya amri yana mwenyewe. Akiniambia rudia ukurasa, nitarudia."

Anaingia ndani, anakaa, anakunywa maji kidogo kulainisha koo lake. Nje, Masikio anavaa vipokea sauti na kugonga kioo cha dirisha mara moja kumwambia aanze.