Geuka Ukutani

Wapenzi wa gitaa la besi ni watu wa aina yao, na ukiwakuta wamekaa usidhani utawaelewa kwa siku moja. Wanaweza kubishana alasiri nzima juu ya unene wa uzi mmoja, wakaagana bila suluhu, na wiki inayofuata wakaanzia palepale. Harusini watu humsifu mwimbaji, humtunza mpiga solo, na mpiga besi huulizwa kama yeye ndiye aliyeleta spika. Besi ni kama chumvi, hakuna anayeitaja mpaka ikosekane. Labda ndiyo maana wanapendana hivyo, kwani asiyesifiwa na watu hana budi kusifiwa na wenzake.

Wanne wa kundi hili walikutana kila Jumamosi kwenye karakana ya fundi wa redio na magitaa, chumba kirefu chenye sakafu ya mbao na redio zilizofunguliwa matumbo zikapangwa hadi darini. Magitaa yao walikuwa wameyapa majina. Fundi alikuwa na Yatima, jeusi, lililoletwa kutengenezwa miaka sita iliyopita na mwenyewe asirudi tena. Mwalimu wa hesabu alikuwa na Profesa, la nyuzi tano, zito kulibeba na gumu kulielewa. Dereva wa lori alikuwa na Nyundo, jekundu, alilolipata mwezi uliopita tu. Wa nne, mwenye Bibi, gitaa la kahawia lililobanduka rangi pale mkono unapoegemea, ndiye tunayemsimulia hapa. Wenzake walimwita Sikio.

Jina hilo hakupewa bure. Walikuwa na mchezo wao, wakiuita Geuka. Mmoja anageukia ukuta, mwingine anachukua besi mojawapo na kuipiga kwenye spika ileile, na aliyegeuka anaitaja kwa jina. Mwalimu alipata moja kati ya nne, akisema hiyo ndiyo hesabu ya kubahatisha. Sikio, kwa miaka kumi na moja, alikosea mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo ni kwa sababu Fundi alibadilisha nyuzi kimyakimya. Basi ikawa ndiyo sheria. Hakuna aliyechagua besi bila Sikio kugeuka kwanza.

Walichokuwa hawajui ni kwamba Sikio alikuwa anapoteza usikivu, na kwamba aliogopa wasije wakajua kuliko alivyoogopa kitu chochote duniani.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kusaga nafaka. Miaka ishirini na miwili mashine ile ilimngurumia hatua mbili kutoka kichwani, asubuhi hadi jioni, naye akajivunia kwamba haimsumbui. Kwanza walimpotea ndege wa alfajiri, akadhani wamehama. Kisha birika likawa linachemka bila kupiga mluzi, akamlaumu mkewe kwa kununua birika bovu. Mwaka huu ndipo maneno yalipoanza kumponyoka. Mtu akiwa mbele yake, karibu, kwenye mwanga, alimwelewa nusu kwa masikio na nusu kwa kutazama midomo. Mtu huyo akigeuka, maneno nayo yaligeuka. Wiki chache nyuma mteja mmoja, mama mwenye debe la mahindi, alimshika bega akamwonyesha mashine. Beringi ilikuwa imekufa, chuma kinakula chuma, foleni nzima imeziba masikio kwa viganja, naye amesimama palepale anajipangusa unga kwenye kope.

Mkewe alimtania. "Baba watoto, nimekuita mara tatu. Sikio la kufa halisikii dawa." Alisema kama asemavyo mtu yeyote kwa mkaidi, huku akicheka na kumsogezea chai. Lakini mumewe alilala na methali hiyo wiki nzima. Kwake haikuwa methali tena, ilikuwa hukumu. Ndiyo maana hakwenda kwa daktari. Daktari angeiandika kwenye karatasi, na jambo likishaandikwa halikanushiki.

Tena alikuwa na sababu nyingine ya kuogopa, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Marehemu baba yake alikufa kiziwi. Miaka yake ya mwisho alikaa kwenye kiti kimoja sebuleni, akitabasamu kwa kila neno, hata la msiba, na watu walimsema mbele yake kama vile wanasema mbele ya kabati. Wakati ule Sikio alikuwa mtoto wa miaka kumi, na alibuni mchezo wake mwenyewe. Alisimama mbele ya baba akachezesha midomo bila kutoa sauti, nduguze wakishika mbavu nyuma ya mlango. Mzee alimtazama kwa makini, akafikiri, kisha akajibu kwa upole, "Ndiyo, mwanangu." Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Watu husema malipo ni hapahapa duniani, na Sikio aliamini kwamba zamu yake iko njiani.

Kilichomsetiri kwenye karakana kilikuwa kisigino. Alianza kuvua viatu kila afikapo, akisingizia kwamba miguu yake inavimba kwa kusimama mashineni, na alipogeuka ukutani alikandamiza kisigino kitupu kwenye mbao. Nyundo lilimgonga chini ya mfupa. Profesa lilipanda hadi gotini. Bibi lilitulia katikati ya unyayo kama paka. Yatima ndilo lililokuwa na kazi, maana lilikuwa laini mno, na ilibidi azuie pumzi ili alipate. Wenzake walimwona amefumba macho, amezuia pumzi, wakanong'onezana kwamba huyu mtu ana kipaji. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliomba kifo hicho kimkute kwingine, kisimuumbue mbele ya wale watatu.

Tatizo ni kwamba kisigino hakisikii kila kitu. Mwezi uliopita Dereva alileta besi mbili za kuchagua. Sikio akageuka, mbao zikamgonga vizuri, akasema bila kusita, "Chukua jekundu. Linatoka safi." Dereva akalichukua kama mtu aliyepewa baraka. Alipolizoea akagundua kwamba uzi wake mwembamba unakwaruza shingo, unatoa mlio kama wa nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Mlio wa namna hiyo haushuki kwenye mbao. Unaishia masikioni, na pale haukumkuta mtu.

Jumamosi ile Dereva aliingia akiwa na Nyundo mgongoni na uso usiokuwa na utani. Akaketi mbele ya Sikio, akachomeka waya.

"Ndugu yangu, hebu nisikilizie hapa," akasema, na kidole chake kikaudonoa uzi mwembamba mara tatu.

Sikio alikiona kidole. Akatikisa kichwa taratibu kama mjuzi. "Tamu," akasema.

Fundi alisimama na kifaa chake cha kuchomea mkononi, moshi ukipanda. Mwalimu akainua macho kutoka kwenye daftari alilokuwa akisahihisha.

"Tamu?" Dereva akauliza.

Sikio aliusoma mshangao ule kwenye paji la uso kabla ya kulisoma neno. "Inategemea na mpigaji," akasema. "Wewe umezoea usukani, unakamua uzi kama gia."

Fundi akacheka. Dereva hakucheka. Aliashiria ukuta kwa kidevu. "Haya, mzee. Geuka."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema mkewe anamsubiri, au mashine ameiacha wazi. Lakini mtu anayeitwa Sikio akikataa kugeuka, ameshajibu. Akavua viatu, akaenda mahali pake. Ukutani palikuwa na kalenda ya miaka miwili iliyopita, na aliijua vizuri kuliko ratiba ya kazi yake. Akaukandamiza mguu kwenye mbao. Moyo ulikuwa unamdunda kwa nguvu, akaogopa utachanganyika na mtikisiko wa gitaa.

Kitu kikampanda hadi gotini. "Profesa," akasema.

Akagongwa chini ya mfupa, kwa ulegevu kidogo lakini ni lilelile. "Nyundo."

Mara ya tatu ikakawia. Akangoja. Alitazama tarehe kwenye kalenda moja baada ya nyingine, akazihesabu Jumapili zote za mwezi ule, na bado mbao zilikuwa kimya. Huenda wameshapiga. Huenda wanapiga sasa hivi, sauti imejaa chumba, naye amesimama kama gogo. Kisigino nacho kimekufa, akawaza, hata hicho. Akazuia pumzi. Ndipo akakipata, kwa mbali sana, kitu laini kinachopita chini ya ubao kwa mwendo wa taratibu, pa, pa, pa. Alifarijika karibu alie.

"Yatima," akasema kwa sauti ya ushindi, akageuka akitabasamu.

Dereva alikuwa ameketi na Yatima magotini. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya nyuzi, na mguu wake wa kulia, kwa mazoea ya wapigaji wote, ulikuwa bado unadunda sakafuni kuhesabu mapigo. Lakini taa ndogo nyekundu ya amplifaya ilikuwa imezimwa. Waya ulikuwa umelala sakafuni, haukuchomekwa popote.

Dereva akaanza kucheka. Sikio aliyaona meno na mabega yanayotikisika. Dereva alidhani amemkamata rafiki yake anabahatisha, basi, kama anavyobahatisha kila mtu, na kwamba sasa watataniana kwa hadithi hii miaka mingine kumi na moja. Hakuwa mtu mbaya. Wala mtoto wa miaka kumi aliyesimama mbele ya kiti cha sebuleni hakuwa mtoto mbaya.

Mwalimu hakucheka. Alisimama, akamsogelea, akainua daftari na kuuziba mdomo wake mwenyewe nalo. Juu ya daftari yalibaki macho mawili yanayomtazama Sikio, yanangoja.

Kuna kitu kilikuwa kimeulizwa. Sikio alijua hilo tu. Akatafuta kwenye macho yale, akatafuta kwa Fundi, ambaye aliinamisha kichwa. Hakuna alichopata. Na kutoka mahali ambapo alidhani hapafikiki, neno likaja lenyewe ulimini, la upole, limekamilika na tabasamu lake.

"Ndiyo," akasema.

Daftari likashuka polepole. Kicheko cha Dereva kilikatika, mdomo ukabaki wazi. Fundi aliichukua chaki aliyotumia kuchorea mbao, akainama juu ya meza ya kazi, akaandika kwa herufi kubwa kama anayemwandikia mtoto, kisha akasogea pembeni ili Sikio asome. Mwalimu alikuwa ameuliza: TANGU LINI HUSIKII?

Aliyasoma mara mbili. Akamwona baba yake kwenye kiti kile, anavyofikiri kwanza, anavyojitahidi, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akaelewa kwamba mzee alijua. Alijua kwamba anachezewa, na akajibu hivyohivyo, kwa kuwa kutojibu kungekuwa kubaya zaidi. Akashika ukingo wa meza, chaki ikamchafua vidole.

Alitaka kulisema jibu mara moja tu, na kwa sauti ya chini, ili libaki baina yao wanne na lisivuke kizingiti likamfikia mkewe kabla yake.

"Sisikii," akasema. "Jamani, sisikii."

Alidhani amenong'ona. Kisha akamwona Mwalimu amerudi nyuma hatua moja, na nje ya mlango, barabarani, watu waliokuwa wakipita na mizigo yao wamesimama wote, wanamtazama.