Mwaka Sabuni Yetu Ilipounguza Watu Mikono

Nilipoolewa katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, miaka ya hamsini, mama mkwe wangu alikuwa tayari ni mpishi wa sabuni. Alikuwa mjane mwenye sauti kubwa na mikono isiyopumzika. Pipa lake lilikaa nyuma ya nyumba juu ya mawe matatu. Tulichoma maganda ya ndizi na mikungu mitupu ya chikichi, majivu yake tukayatia kapuni na kuyamwagia maji. Yale maji makali yaliyochuruzika chini ndiyo tuliyoyapika pamoja na mawese mpaka yawe sabuni. Wiki ya kwanza tu alinipa mwiko mrefu akasema, "Koroga. Mume utamuona jioni."

Kiangazi kimoja wanunuzi walikuwa wengi, na maganda ya ndizi yakawa haba. Tukachoma miti yoyote tuliyoipata. Sabuni ilitoka ngumu na nzuri kwa macho, tukaiuza yote. Siku ya soko iliyofuata, mwanamke mmoja kutoka Nundu, kijiji kingine cha ziwani, alikuja akaweka kipande kilichobaki mbele yetu, kisha akatuonyesha viganja. Ngozi ilikuwa imebanduka.

"Mama, nilifua nguo za mutoto tu. Angalia."

Sokoni maneno hayakawii. Kabla ya jua kuchwa sabuni yetu ilikuwa imepewa jina: sabuni ya moto. Watu wakaanza kutupita kama hawatuoni. Tulijaribu kupunguza ukali kwa kuongeza mawese, ikatoka laini kama uji, ikakataa kuganda. Mama mkwe hakulalamika. Alilipindua pipa lake, akalifunika kwa mkeka, akachukua jembe kwenda shambani. Kumwona kimya vile kuliniumiza kuliko hasara.

Jirani yetu, Mwislamu mwenye mashua, alikuwa na kijana wake katika chuo kikuu kipya cha kusini, Katanga. Wakongo waliokubaliwa huko walikuwa wachache mno, na aliporudi likizoni mji mzima ulikwenda kumtazama. Nilidhani angeshinda barazani na makarani, viatu vinang'aa. Siku ya tatu alikuja nyuma ya nyumba yetu akapiga hodi.

"Mama, nimesikia habari ya sabuni. Iko kipande kilibakia?"

"We mutoto wa iniversite, unataka kunicheka?" mama mkwe akamuuliza.

"Hapana, mama. Huko tunajifunza namna vitu vinachanganyika. Mi nataka kujua sababu ya nini ilichoma bantu mikono."

Alivua shati lake jeupe, akaomba maji, akalifua mwenyewe kwa kile kipande kilichorudishwa mpaka mwisho, nasi tumesimama tunamtazama. Vidole vikawa vyekundu. "Ni kweli inachoma," akasema, akavitumbukiza katika maji safi. Hapo mama mkwe aliketi. Walizungumza asubuhi nzima, na kijana akaondoka na majivu ya kila mti, kila aina imefungwa peke yake katika jani la mgomba.

Likizo iliyofuata alirudi na mwalimu wake, Mzungu mwembamba aliyechomwa na jua. Siku hizo Mzungu akiingia uani kwako, ujue anadai kodi au anakagua choo. Huyu alikaa juu ya gogo, akaomba kupitia kwa mwanafunzi wake aruhusiwe kutuona tukipika, na moshi ulipomgeukia hakuhama.

Kijana akatueleza walichokiona chuoni. Majivu hayana nguvu moja. Ya mti huu ni makali, ya ule ni dhaifu, na jicho peke yake haliwezi kutambua. Wao walikuwa na kipimo cha kioo, lakini aliogopa kwamba kwetu kingevunjika. Kwa hiyo alikuwa ametengeneza cha tete: ndani chini kabisa alitia mchanga kidogo, akaziba kwa nta, akachonga alama mbili ubavuni. Ukikitia katika maji ya majivu kinaelea wima. Alama zote mbili zikitoka nje, maji ni makali mno, ongeza maji. Zote zikizama, ni dhaifu, yapitishe tena kwenye majivu. Uso wa maji ukikaa katikati ya alama, pika.

Tukapika. Akatuagiza tuiache sabuni chanjani ipevuke mpaka mwezi mwingine uandame, na mama mkwe, asiyejua kungoja, akangoja. Siku ya kuijaribu alitangulia yeye mwenyewe, akanawa uso mbele ya majirani. Akajipangusa kwa kanga, akatabasamu.

"Laini," akasema.

Wanunuzi walirudi mmoja mmoja, halafu kwa mkumbo. Madereva wa malori walianza kuichukua kuipeleka Lulimba, kwa wachimba dhahabu. Ndipo wanawake wa Nundu walipoomba nao kipimo, na mama mkwe akakataa katakata.

"Hii kazi ni yetu. Bale bamama batafute yao."

Kijana hakubishana naye kwa kelele. Alichuchumaa karibu yake.

"Mama, kama bamama ba Nundu banauza sabuni ya kuchoma, bantu ba Lulimba habatauliza ni nani aliipika. Batasema sabuni ya huku ziwani inachoma. Na yako iko ndani."

Jioni nzima mama mkwe alikuwa akipanga vipande chanjani na kuvipangua. Asubuhi alijifunga kanga mbili, akamwambia yule kijana achonge matete mengine, na yalipokamilika akanivuta mkono, kijana akitufuata, mpaka kwenye mashua ya jirani yetu.

Huko Nundu mama mkwe alitufikisha kwa mwanamke yuleyule wa viganja vilivyobanduka. Alimsalimia, akamwomba radhi mbele ya wenzake, kisha akakunja mikono ya blauzi na kuanza kuwagombeza kwa sababu majivu yao hayakuchekechwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu alisimama pembeni ameshika kapu la matete, akimpatia moja kila alipoliomba. Nilimtazama nikaona furaha isiyo na majivuno hata kidogo. Tulikaa huko mpaka kila nyumba iliyopika sabuni imepata kipimo chake.