Chembe za Waridi za Visitación

Visitación Amorós alizaliwa hapa kwetu Pinoso, chini ya mlima wa chumvi. Baba yake alichimba humo, na mara kwa mara alimletea vipande vya chumvi vyenye matone ya maji yaliyonaswa ndani tangu bahari ya kale ilipokauka. Mtoto alivitazama dirishani mpaka chakula kikapoa.

Alipokua aliajiriwa maabara mjini Alicante. Alifuga vijidudu vipendavyo chumvi kali, wale wanaolitia ziwa la Torrevieja rangi ya waridi, na kutoa kimeng'enya, protini inayochochea kazi za mwili, kilichojishikiza kwenye utando wa miili yao. Kimeng'enya hicho kilikuwa na madeko: ukipunguza chumvi kwenye maji kinasambaratika, kazi yote inapotea. Yeye alikizoea kama mama anavyomzoea mtoto msumbufu wa kula.

Kisha mradi ukafungwa, na chupa zote zikaamriwa zimwagwe. Aliomba achukue kidogo, akaruhusiwa. Nyumbani aliwaanika vijidudu kwenye sahani za maji ya chumvi, pale roshanini, hadi zikabaki chembe za waridi. Alizitia katika mitungi miwili, akaifungia kabatini. Aliwaza kwamba ikiwa chumvi ya mlimani ilitunza maji ya kale, huenda na hii ingewatunza hao.

Akastaafu. Jumapili moja mumewe, Eliseo, aliamua kumwoka samaki mzima ndani ya chumvi. Visitación aliiona rangi ya waridi ya ganda la chumvi wakiwa wamekwisha kula.

"Eliseo, hii chumvi umeitoa wapi?"

"Kabatini. Kwani ilikuwa ya pambo?"

"Ilikuwa kazi yangu ya miaka yote."

Eliseo akaweka uma chini. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Basi mke wangu, kazi yako ilikuwa tamu."

Visitación alikwenda bafuni kulia, na huko huko kicheko kikamshika. Hata hivyo alimnunia siku kadhaa. Eliseo mwenyewe aliuhamisha mtungi wa pili chumbani, akauweka juu ya mashati yake.

Miaka ikapita, hadi mtafiti mmoja, Llúcia Verdú, alipobisha hodi. Alikuwa akiwatafuta vijidudu wale wale, na kila alikouliza aliambiwa walikwisha kumwagwa. Visitación alimletea mtungi uliobaki. Maabarani kwa Llúcia waliziyeyusha chembe na kugawa maji kwenye chupa nyingi, wakangoja. Wiki baada ya wiki chupa zilibaki maji matupu, na Llúcia akaanza kukata tamaa.

"Bi Visitación, nadhani wamekufa."

"Wamelala. Ongeza chumvi, mwanangu, usiwaonee huruma."

Chupa moja tu ndiyo iliyoanza kuwa nyekundu. Iliwatosha. Walipasua vijidudu, wakausafisha utando kwa maji ya chumvi kali, kisha wakatia dawa inayogeuka buluu kimeng'enya kikifanya kazi. Walikaa wakiitazama. Ikageuka buluu, hafifu kama shati lililofuliwa mno.

"Ndicho," alisema Visitación, akavua miwani na kuifuta.

Sasa anakwenda maabara kila asubuhi kumfundisha Llúcia, na Eliseo ndiye anayepika mchana. Msimu huu wanataka kutafuta vijidudu wengine kwenye mabwawa ya chumvi, na Visitación, na miaka yake sabini, amejinunulia mabuti mapya ya mpira.