Magoti ya Binti na Soksi za Masista

Nilisoma hadi darasa la pili, nikaacha kwa sababu mwalimu alichapa na samaki walilipa. Baiskeli niliinunua kwa jasho langu: nilibeba samaki wakavu kutoka Kemondo, nikawauza mpaka Nshamba. Nasema haya mjue kwamba siku ile kwenye shule ya masista sikuwa mtu wa kuchezewa.

Ilikuwa Jumapili ya wazazi, mvua imetoka kunyesha. Binti yangu alikuwa na miezi mitatu bwenini. Akanijia na gauni la bluu, soksi nyeupe hadi magotini, akasimama wima kama mlingoti wa bendera.

"Shikamoo, tata."

Nikasubiri. Kwetu binti hamwamkii baba akiwa amesimama; hupiga magoti. Nikatazama ardhi, nikamtazama yeye, nikatazama tena ardhi, asije akasema hakuelewa.

"Magoti yamekatwa?"

"Tata, ni soksi. Anayezichafua anafua shuka za bweni zima."

"Funga sanduku. Twende nyumbani."

Akaanza kulia. Alikuwa wa kwanza darasani, na mama yake ameshatangaza kisimani kwamba tumezaa nesi. Roho iliniuma, lakini mimi nikisema nimesema.

Sista Mkuu, mzungu mzee mnene, akaja mbio. "Baba, hapa tunapiga magoti mbele ya Mungu tu."

"Ndugu Sista," nikamwambia, maana siku hizo za ujamaa hata mkuu wa wilaya alikuwa ndugu, "mimi na Mungu hatujawahi kugombania magoti ya mtoto huyu. Yalitutosha wote wawili."

Akanitazama. Kisha, mbele ya wazazi wote, akakusanya kanzu yake nyeupe, akapiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Nakuamkia kwa niaba yake. Mtoto abaki?"

"Marahaba," ikanitoka yenyewe. Mimi niliyebishana na wavuvi wote wa Kemondo nikajikuta nabembeleza. "Abaki, abaki. Inuka basi, watu wanatazama."

"Siwezi," akanong'ona. "Goti limekwama."

Nikamvuta mkono, hakusogea. Binti akapiga magoti pembeni yake, tope likaruka, akamshika kiunoni, tukamwinua kama gunia la kahawa.

"Umeona?" nikamwambia binti. "Hiyo nimeihesabu kuwa salamu."

Sista akatazama soksi. "Na hizo mimi nimezihesabu. Aliyetaka magoti ndiye atakayefua. Baba, bomba liko kule." Akanipa kipande cha sabuni.

Nshamba nzima ilisikia kutoka kwangu kwamba mzungu alinipigia magoti. Kwamba nilichuchumaa bombani nikisugua soksi, wasichana wa bweni na wa kutwa wamejaa madirishani wakinicheka, hilo nalisema leo kwa mara ya kwanza.

Zilitakata, lakini.