Dimbwi la Mihogo

Mke wangu alikuwa na dimbwi lake la kuloweka mihogo katika kijito karibu na machimbo ya Mutoshi. Mama yake ndiye aliyelichimba na kulizungushia mawe, na hakuna mwanamke aliyetia muhogo humo bila kumwuliza mke wangu. Mihogo ilikaa siku tatu, nne, ikatoka laini na nyeupe.

Kisha wakaja wachimbaji wakitafuta mahali pa kusafishia mawe yao ya madini. Hawakumwuliza yeye. Waliniuliza mimi, wakaniita tata président, yaani baba kiongozi, wakaniwekea bia mbele. Mimi niliyemaliza sekondari, nijuaye kuandika barua ya Kifaransa bila kosa, kichwa kikavimba. Nikawaruhusu wasafishie juu kidogo ya dimbwi. Mke wangu aliponiuliza sababu, nilimjibu mbele yao, kwa majivuno ya mpumbavu:

"Mama, maji inatembea. Uchafu itaenda nayo."

Mvua za mwaka ule hazijaisha, dimbwi likajaa tope. Mihogo ilitoka na rangi ambayo hata kuku waliikwepa.

Baadaye wakaja mabwana wa mazingira, kofia mpya, maji ya chupa mkononi, wakapanda miche kando ya kijito kilekile huku wakipigwa picha. Mmoja wao alipanda mche wake pamoja na mfuko wa plastiki. Waliniomba nihutubie, nami nikahutubia: eti sisi ni walinzi wa maji yetu. Mke wangu alisimama nyuma na beseni tupu. Hakupiga makofi. Miche ilikauka kabla kofia zile hazijachafuka. Nawadharau mpaka leo, ingawa wao walidanganya asubuhi moja tu.

Mke wangu alihamia kijito cha pili, mwendo wa saa nzima. Mwaka huu wachimbaji walewale wamefika huko. Nilimfuata, nikawaeleza habari za samaki, za bustani, za mihogo. Walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mlevi. Mkubwa wao, bila kuacha kutikisa ungo wake, akasema:

"Tata président, si ni weye ulisema maji inatembea?"

Wenzake wakacheka.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameshaingia majini, anaitoa mihogo ya jana, ingali migumu kama kuni. Nilishika upande mmoja wa beseni. Hakunikataza. Tukatembea saa nzima hadi nyumbani.