Sifuri ya Mhina

Mume wangu Mhina ni mtu wa Handeni, na watu wa Handeni baridi huisikia redioni tu. Tangu tulipokuja kulima huku kwetu Bungu, milimani, kila ikifika Julai alikuwa anajikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Sikumcheka. Haya, nilimcheka, lakini kidogo.

Mwaka huo ulikuwa ule wa baada ya njaa ya sabini na nne, tulipokula mahindi ya njano ya msaada mpaka watoto wakawa wanalia wakiona sufuria. Sasa tulikuwa na mahindi yetu wenyewe, yamekomaa, na nguruwe pori walikwisha kuyanusa. Tukiyakosa hayo, tunarudi kwenye njano. Kwa hiyo Mhina alitakiwa alale dunguni, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, apige debe wakija.

Basi, mpima ardhi mmoja alipomaliza kazi yake akamwachia mfuko wa kulalia. Mfuko mnene, wa zipu, na ndani kimeshonwa kitambaa kimeandikwa sifuri. Ee Mungu wangu, sifuri ile!

"Mama Rehani," Mhina akaniambia, "maana yake hata maji yakiganda, mimi nimelala. Bungu maji yameganda lini?"

"Tandika majani makavu ya mgomba, baba Rehani. Vaa sweta. Chukua na chungu cha makaa."

"Ya nini? Si imeandikwa!"

Imeandikwa! Kana kwamba baridi ya Bungu imesoma shule. Akapanda dunguni na fulana, hata ugali hakumaliza, kwa haraka ya kwenda kuujaribu mfuko wake.

Asubuhi nikakuta nusu ya shamba iko chini, mabua yametafunwa, magunzi yametapakaa. Na bwana yuko juu, ndani ya mfuko, macho kodo, meno yanagongana. Hakupata hata lepe la usingizi. Nguruwe aliwasikia tangu wanaingia! Lakini upepo ulikuwa unampiga mgongoni kupitia mapengo ya miti, maana pale alipoulalia mfuko ulikuwa umebanwa ukawa mwembamba kama shuka. Vidole vikafa ganzi, zipu ikamshinda, na debe liko pembeni yake. Nilikaa palepale kwenye mabua nikalia.

Tukampelekea mfuko mwalimu Valerian, anayejua Kiingereza, atusomee maandishi madogo chini ya ile sifuri. Akasema namba hiyo ni ya mwanamume aliyeshiba, aliyevaa nguo nzito, mwenye godoro chini yake. Na huyo naye hakuahidiwa usingizi. Ameahidiwa kwamba hatakufa.

"Umeona?" Mhina akanigeukia. "Sikufa. Hawakudanganya."

Jamani! Kutokufa? Kutokufa hata mimi na kanga yangu moja ningeweza! Mimi nilitaka mtu wa kupiga debe.

Tulikula njano mpaka masika. Rehani wangu alikuwa anaisukuma sahani, na mimi naisogeza tena mbele yake.

Mwaka uliofuata nikapanda dunguni mwenyewe, na majani yangu ya mgomba, sweta na chungu cha makaa. Nguruwe hawakupata hata gunzi. Mhina alibaki nyumbani, kwenye godoro la sufi, ndani ya mfuko wake, jasho linamtiririka. Na kila nikirudi asubuhi, ananiuliza, "Mama Rehani, kwani huko juu kuna baridi?"